Usaili wa Shule ya Lumemo

Asubuhi nilikuwa napepeta mchele hapa nyumbani Kibaoni, mama akaniambia nivae sketi ya kanisani, twende usaili. Darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo mama alinitafutia shule ya binafsi kule Lumemo, ambayo hata uwanjani wanaongea Kiingereza. Baba alishasema nikikosa, naenda Mofu kwa bibi kuamia ndege wasile mpunga shambani.

Ofisini nilipiga goti. "Shikamoo mwalimu."

Mwalimu mkuu akaniuliza kwa Kiingereza nataka kuwa nani. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nyumbani nimefundishwa kuwa mtu mzima humkodolei macho, nikainama, na sauti ikagoma.

"Mama, huyu bubu?" akacheka. "Anasalimiana na viatu vyangu!"

"Ni adabu, mwalimu."

"Basi na adabu yake mpeleke kwa masista."

Tuliporudi, baba hakuuliza. Alinitolea begi na kombeo la kufukuzia ndege.

Sasa wamelala. Nimechukua simu ya mama, yenye namba ya shule, nikamwandikia mwalimu mkuu kwa Kiingereza kwamba nataka kuwa nesi, naomba aniulize tena. Tiki zimekuwa za bluu muda mrefu, ameusoma ujumbe. Hajajibu.