Mifuko Miwili

Kitu kilianguka sakafuni, ti, kikaviringika mpaka chini ya kitanda, kikatulia.

"Nini hicho?" mzee aliuliza gizani.

"Kimetoka kwenye shati lako." Mkewe alikuwa akikusanya nguo za kufua kabla hapajakucha. Aliinama, akapapasa, akainuka na kifuniko cheusi chenye utelezi. "Hiki si cha gari?"

Mzee aliketi. Hakuhitaji taa. Kilikuwa kifuniko cha tundu la oili. Jana aliongeza oili, akakitia mfukoni mara moja tu, kisha akaendesha mpaka sokoni na kurudi. Njiani alisikia harufu ya kuungua, akawalaumu watu wanaochoma takataka.

Mtaani walimwita Dereva, ingawa huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu akabidhi lori la kampuni. Siku hizi alichoka kabla ya kazi kuanza. Kati ya kiatu kimoja na cha pili ilibidi apumzike. Na kichwa nacho kilikuwa na mambo yake. Mwezi uliopita aliliacha gari likinguruma mlangoni mpaka petroli ikaisha. Binti yao alipokuja hakugomba. Alisema tu, "Baba, kikitokea kingine, ufunguo nauchukua mimi."

Na leo saa nne binti alikuwa anakuja.

"Tutalisafisha," alisema mkewe. "Hatajua."

Kulipopambazuka walifungua boneti. Oili ilikuwa imeruka kila mahali.

"Umekaanga nini humu?" mkewe aliuliza.

Dereva alicheka kidogo, na kicheko hicho kikampa nguvu ya kuanza.

Injini ilikuwa imepoa usiku kucha. Alifungua kwanza waya hasi wa betri. Mkewe akaleta mifuko mitatu ya plastiki, ile ya mkate. Mmoja Dereva aliuvika alteneta, mtambo wa kuchaji betri, wa pili kwenye sanduku la fyuzi, na wa tatu akaufunga kwa mpira kwenye mdomo wa chujio la hewa, pale injini inapovutia pumzi, maji yasiingie. Kisha akapangusa kwa matambara makavu, akianzia bomba la moshi, maana oili ikibaki pale, gari likishapata joto linaweza kushika moto.

"Si umwagie petroli, itoke upesi?"

"Petroli? Una haraka ya kuwa mjane?"

"Mjane mwenye gari safi."

Alisugua kwa brashi na sabuni ya injini, akasuuza kwa maji ya kopo, kidogo kidogo. Maji machafu aliyakinga kwa beseni yasiende mtaroni, na matambara akayatia kwenye debe la bati lenye maji na mfuniko. Kila mara alikaa juu ya ndoo, mikono ikining'inia. Mkewe hakumwambia apumzike. Alisema, "Aa, mimi nimechoka," akakaa kando yake mpaka pumzi ya mzee ikarudi.

Alikausha kila kona. Kifuniko alikikaza, akakigusa tena, na tena. Akarudisha waya wa betri. Saa tatu na nusu alishusha boneti.

Binti alifika, akawaamkia, akaingia garini upande wa abiria. "Haya Dereva wangu, tuzunguke kidogo."

Dereva alizungusha ufunguo. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena. Ikakohoa, ikazima.

"Ngoja, Baba." Binti alishuka, akainua boneti.

Katika upenyo chini ya boneti mzee aliiona mikono ya mwanawe. Ilisita. Ikavuta kitu. Ulikuwa mfuko wa mkate. Binti aliukunja mara mbili, mara tatu, akautia mfukoni mwa sketi yake.

"Waya wa betri ulilegea," alisema. "Nimeukaza. Washa."

Injini ikawaka, tulivu kabisa. Dereva aliisikiliza. Waya ule aliukaza mwenyewe, na gari lenye waya uliolegea halingurumi kwanza ndipo likohoe. Hayo alimfundisha binti huyu huyu, akiwa bado anavaa sare za shule.

Mlangoni mkewe alitazama kamba ya nguo. Mifuko aliyoiosha na kuianika ilikuwa miwili. Akainamisha uso.

Dereva alizima gari. Alichomoa ufunguo, akaupangusa kwenye shati ingawa haukuwa na oili, akashuka, akauweka kiganjani mwa binti na kumkunja vidole.

"Baba, mimi sijasema kitu."

"Najua, mwanangu."

Binti alisimama na ngumi yake imefumbwa hivyo hivyo. Mzee aliegemea gari, akavuta pumzi, akatazama viatu vyake.

"Ila betri inakufa gari lisipowashwa," alisema. "Kwa hiyo uje nao. Jumamosi uje. Na ile nyingine."