Mwisho wa Filamu ya Wodini

Siku aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mdogo wake hakuomba maji wala mto. Aliuliza, "Dada, ile filamu iliishaje?"

Dada mtu, fundi cherehani, hakujua. Filamu ilikuwa ikionyeshwa kwenye televisheni ya wodini: mlinzi mmoja mnene amejifungia ndani ya benki kwa bahati mbaya, yeye na mwizi. Patashika ilipopamba moto, wauguzi wakaja kumchukua mgonjwa akapasuliwe. "Niangalizie, utanisimulia," alisema akisukumwa juu ya kitanda cha magurudumu. Dada mtu akaitikia. Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi saa tatu nzima akitazama viatu vya wapitao.

"Mlinzi alimkamata," alijibu sasa. "Akapandishwa cheo."

"Basi?"

"Basi."

Kumbe hayakuisha. Mgonjwa hakuwa na kazi ila kulala na simu mkononi. Akauliza kwenye kundi la wachomeleaji wenzake. Mmoja akamtumia filamu ya vita, mwingine ya mapenzi. Muuza filamu wa karibu na stendi akamletea tatu, zote za benki, wala hakuna mlinzi mnene hata mmoja. Kila simu ilipolia, mshono wa fundi ulikwenda upande. Kola moja aliifumua mara mbili. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini ulimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Mtu alikuwa amemwomba kitu kimoja tu.

Ijumaa mchana mdogo wake akamwita. "Nimeipata. Mke wa mwenzetu aliiona wodi ya wazazi, akisubiri kujifungua. Njoo tuangalie."

"Nina kazi za watu."

"Kaa, dada."

Akakaa. Akainuka kuzima jiko. Akakaa. Akainuka kufunga dirisha, akakuta limeshafungwa.

Mwishoni mlinzi alivua koti lake la kazi, akamvika mwizi, wakatoka wote wawili kwa mlango wa mbele, mbele ya polisi. Cheo hakikutajwa.

Mdogo wake akasimamisha filamu. "Hii hukuiona."

"Sikuiona."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye ngazi. Ulipoondolewa, pale palipokuwa na kitanda chako pakabaki peupe. Nikashindwa."

Mara mdogo wake akaanza kucheka huku ameshika tumbo, maana nyuzi zilikuwa bado zinamuuma. "Na bado ukampandisha cheo."

"Alistahili."

"Alistahili nini? Kamtorosha mwizi."

"Mwizi gani? Umeona alichoiba?"

Wakabishana mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kulikoni. Wakamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na jirani hakuelewa hata neno. Akavuta kiti, akataka filamu ianzishwe upya.