Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Babu Kipkosgei na Kogo, nyanya yangu, walichuma majani chai pamoja miaka arobaini na moja katika shamba lao la Boito. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa tayari mistarini, vikapu mgongoni, umande ukiwalowesha hadi magotini.

"Mzee, hayo majani makubwa unapelekea ng'ombe ama kituo cha chai?" Kogo angemtania.

"Wewe chuma tu. Mdomo haujazi kikapu."

Nilikaa nao tangu darasa la nne. Sikumbuki siku waliyolala mchana, isipokuwa Babu alipolazwa hospitali ya Kapkatet, nikiwa kidato cha tatu. Tumbo lilikuwa limekataa chakula. Siku ya pili alisukuma uji kando.

"Mama Kipruto," alimwambia Kogo, "niletee mursik. Ile yako."

Daktari alisema kidogo haitamdhuru. Nilimwona Kogo akitoka wodini kama mtu aliyepewa kazi anayoijua.

Mursik yake, maziwa ya kugandisha, ilianzia kwenye kibuyu. Kila mara alikuwa akichoma kijiti cha mti wa senetwet, anasugua ndani kwa kaa lake mpaka kibuyu kinanukia moshi, ndipo anamimina maziwa na kuyaacha siku tano yagande. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka majani, na wa kumsaidia kuchuma hakuwepo.

"Nelvine, umeniona nikifanya mara ngapi? Leo sugua wewe."

Nilichungulia ndani ya kibuyu. Kulikuwa kweusi. Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za viini vya magonjwa, na mgonjwa alikuwa Babu. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikatikisa, nikasuuza mara nne. Ndipo nikachoma kijiti na kusugua. Kogo aliporudi alinusa moshi, akanisifu, akamimina maziwa.

Siku ya sita tulikipeleka. Babu aliketi mwenyewe kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Alipiga funda moja. Akakaa nalo mdomoni, kisha akalitema polepole kwenye beseni.

"Mama Kipruto," alisema, "mkono wako umechoka siku hizi."

Kogo alionja. Akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Nilikuwa nimeshaisikia harufu ya sabuni.

"Ni macho, mzee," alisema. "Siku hizi sioni vizuri."

"Basi pumzika. Umefanya kazi sana."

Njiani kurudi nyumbani hakunigombeza. "Kibuyu hakijui sabuni, mtoto wangu. Kinakunywa kila kitu. Tutaanza kingine."

Kingine kilikuwa na siku tatu tu tulipopigiwa simu kwamba Babu ametutoka.

Kogo aliishi miaka tisa baada yake. Aliendelea kuchuma, kukamua, kwenda kanisani. Hatukulizungumzia tena. Tulimzika mwezi uliopita, nami ndiye niliyesoma historia yake mbele ya watu. Nilisoma kuhusu chai, ng'ombe na watoto aliowasomesha. Watu waliitikia, wengine wakafuta machozi.

Hilo la kibuyu sikulisoma. Siku zile tatu za mwisho za Babu nilienda wodini mara mbili, nikaketi karibu naye, nikamshika mkono. Alikuwa macho. Aliniuliza habari za masomo, nikamjibu vizuri. Alikufa akiamini kwamba mke wake amesahau kazi yake, na neno moja tu kutoka kwangu lingetosha.