Sauti ya Katikati

Kesho yake ndugu wangefika Kisugu kutoka Bungoma kwa maombi ya mwaka mmoja tangu Nabangala azikwe, na Wamalwa alishawaahidi kwamba watamsikia marehemu mkewe akiimba. Wimbo aliurekodi mwenyewe kanisani zamani, Nabangala akiwa mbele, katikati ya kwaya, na ulikuwa ndani ya kompyuta yake kuukuu, ile ya kioo chenye kitambi. Akaufungulia. Ngoma zikaja, kayamba zikaja, waitikiaji wakaja. Nabangala hakuja. Au kama alikuja, aliimbia ndani ya mtungi, nyumba ya tatu.

Wamalwa akaanza kazi anayoiweza. Akawalaumu watu wa umeme, kwamba umeme wao mchafu umeila sauti ya mkewe. Akamlaumu mwenyekiti wa mtaa. Akailaumu serikali nzima, kuanzia juu kushuka, kwa kuruhusu kompyuta mbovu ziingie nchini, ingawa hii alipoinunua alipita nayo barabarani kama bwana harusi. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kwa kulaumu alikuwa profesa.

Laker, fundi aliyemwita kutoka Kasubi, aliusikiliza wimbo kidogo tu, wala bisibisi hakuitoa.

"Mzee, hii 3D nani aliwasha?"

"Ndiyo nini?"

Akamwonyesha kisanduku kwenye kioo, kina alama ya tiki. "Kadi za sauti za zamani zilikuwa na ujanja huu. Zinavuta sauti ya kulia na ya kushoto mbali, spika ndogo zisikike kama ukumbi. Lakini ile ya katikati inafifia. Na mama, umesema, alisimama katikati."

"Umeona! Wakubwa wa viwanda hao, wanatuuzia—"

"Wao waliiacha imezimwa, mzee. Kuna mtu aliweka tiki."

Wamalwa akamkumbuka huyo mtu. Alivaa shati jipya, sebule imejaa majirani, akabonyeza na kutangaza, "Sikieni ukumbi huo!" Nabangala, sinia la chai mkononi, akauliza, "Mbona mimi nimetupwa uani?" Akajibiwa kwamba mambo ya mitambo hayajui. Majirani wakacheka. Tangu siku hiyo wimbo haukuchezwa tena. Mwimbaji yuko jikoni, ya nini kuwasha rekodi?

"Basi, fundi, serikali haikuhusika," akasema kwa shida. "Ni huyu mjinga hapa."

Laker akaondoa tiki, akarudisha wimbo mwanzo. Ukumbi ukaporomoka, spika zikarudi udogo wake. Na hapo katikati, karibu kabisa, kabla ya ngoma, Nabangala akasema kwa ukali wake ule ule:

"Wamalwa, umewasha kweli? Au tunaimbia ukuta kama juzi?"

Laker akacheka. Wamalwa akatazama huku na huku, akitafuta wa kumlaumu kwa machozi yaliyomtoka. Akamkosa.

"Nimewasha, mama," akaiambia spika. "Leo nimewasha."