Mwaka 1824 Umefika Nshamba

Kila mwaka nafundisha kidato cha tano uchaguzi wa Marekani wa 1824, na kila mwaka unanichefua. Wagombea walikuwa wanne. Andrew Jackson aliongoza kwa kura lakini hakufika nusu, na katiba yao inasema hapo Baraza la Wawakilishi ndilo linalochagua kati ya watatu wa juu. Henry Clay, aliyeshika mkia, alikuwa Spika wa baraza hilohilo. Akambeba John Quincy Adams, Adams akawa rais, na haikupita muda Clay akateuliwa waziri wa mambo ya nje. Jackson mwenyewe simpendi, alimiliki watumwa. Lakini kura ni kura.

Mume wangu Joackim hunisikia nikiandaa somo hilo mezani. Zamani alikuwa akicheka na kusema hao ni wezi waliovaa tai.

Mwaka huu chama chetu cha msingi cha kahawa kilichagua mwenyekiti. Klaudia, mjane jirani yetu, aligombea kwa jambo moja tu, kukomesha butura. Huku kwetu butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Mumewe alikufa akiwa ameshauza maua ya kibanja kizima. Klaudia alichuma na kuanika, akaja Audax, aliyeyanunua maua hayo, kubeba magunia. Audax huyohuyo naye aligombea. Wa tatu alikuwa mzee Kashaija, aliyepooza upande mmoja, na wa nne Joackim wangu.

Klaudia akaongoza. Joackim akawa wa mwisho. Lakini Klaudia hakufika nusu, na kanuni za chama zinasema hapo bodi ndiyo inayoamua. Kwenye bodi anayesikilizwa ni Joackim. Nilitulia kabisa, nilijua mume wangu ana aibu.

Kesho yake Audax akaja nyumbani. Nikawapelekea kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. Niliporudi na maji nikakuta Audax amepasua tunda moja, punje moja kamwekea Joackim kiganjani, nyingine anaitafuna mwenyewe. Wazee wetu walifunga udugu hivyo, punje zikiwa zimepakwa damu yao, na aliyemsaliti ndugu wa namna hiyo hakuwa na pa kuweka uso wake. Hawa wawili hawakujikwaruza hata kwa ukucha.

Bodi ikakaa, Audax akawa mwenyekiti. Wiki haijaisha, Joackim akapewa umeneja wa ghala.

"Baba Yuster, umefanya nini?" nilimwuliza wakati wa chakula.

"Nimefuata kanuni, Mama Yuster. Hakuna kura hata moja iliyoibwa. Si ndivyo unavyofundisha?"

"Nafundisha uchafu ili watoto waujue wakiuona."

"Na huyo Clay wako, alifungwa?"

Hakufungwa, na Joackim alijua. Akajiongezea ndizi, akala kwa hamu, mdomo unang'aa mafuta. Nikabeba sahani yangu nikaenda kula jikoni, na mpaka leo ndiko ninakokula.

Jumapili Joackim aliaga kwamba anawahi misa ya kwanza. Mimi nilikwenda ya pili, kisha nikapita kwa Klaudia. Nilimkuta kibanjani, kahawa imechanua nyeupe kati ya migomba. Kijana wake alikuwa amelazwa hospitali ya Rubya tangu Ijumaa. Nilitafuta la kumfariji, nikaona nimwambie kisa cha Jackson, kwamba alidhulumiwa hivyohivyo, akagombea tena baada ya miaka minne, akashinda waziwazi.

Klaudia alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Miaka minne ni mavuno manne, waitu mwalimu," akasema. "Ya kwanza nimeyauza leo asubuhi. Baba Yuster ndiye aliyetumwa kuja kukagua maua."