Mbega wa Kokwa la Embe

Mimi Mbeyu sina subira na watu wazima, sembuse watoto wa miaka mitano. Lakini mwaka ule wa Jamhuri nilikaa kila asubuhi juu ya jiwe, nje ya ghala la mbata pale Msambweni, mwanamke mzima na buibui langu, nikichungulia dirishani watoto wakifinyanga kuku. Ghala hilo ndilo lililokuwa shule ya vidudu. Mwalimu Kahaso, msichana wa Kinango, aliwafundisha hesabu kwa kondoo wa makumbi na kasa wa vifuu vya nazi. Mtoto akikosea, kasa wake anarudishwa baharini, yaani kwenye karai la maji.

Aliyenikalisha juani ni mjukuu wangu, Boga. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa hiyo ndiye mume wangu: mfupi, mwenye kamasi, na mwenye amri nyingi kuliko marehemu babu yake. Nyumbani alisema mpaka kuku wakahama uani. Shuleni, jii! Hata jina lake hakulitaja. Na nikiinuka tu pale jiweni, kilio.

Sasa nisikilizeni. Mamake alifariki akimzaa, nami ndiye niliyemlea. Babake, mwanangu Alfani, alifanya kazi bandarini Mombasa. Akaniambia, "Mama, akifaulu kwa vidudu, Januari namchukua aanze darasa la kwanza. Asipofaulu, na abaki kwako." Nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema, na anyamaze hivyo hivyo. Mungu anisamehe, nilimtaka mume wangu.

Siku ya mwisho ya shule, na huo ndio mtihani wenyewe, kila mtoto alitakiwa alete mnyama aliyemtengeneza mwenyewe, awategee wenzake kitendawili chake. Wakishindwa wampe mji, naye asimulie alivyokwenda huko, ndipo awafumbulie. Boga alitengeneza mbega: kokwa la embe lenye nyuzi zake, limepakwa masizi ya chungu, na mabegani kabandika sufi. Jana yake kutwa nzima alinieleza habari za mbega, mpaka nikatamani kumpeleka msituni akaishi nao.

Mtoto wa kwanza, Mwinga, akatega cha kasa wake, akapewa Vanga. Mwenzake Dama akatega cha kuku, akafumbuliwa kabla hajamaliza. Boga akasimama, mbega mkononi, macho chini.

"Haya, Boga, tega," mwalimu akambembeleza.

Akamficha mbega mgongoni.

"Huyo bubu, Mwalimu!" akasema mtoto mmoja, na ghala zima likacheka.

Kahaso akaja dirishani. "Shikamoo, Bi Mbeyu. Naona tumngoje mwaka ujao. Huyu bado."

Hapo ningeitikia marahaba, nikamshika mtoto mkono tukaenda zetu. Lakini damu ilinichemka. Bubu? Mume wangu mimi? Nikaingiza kichwa dirishani.

"Ala! Mnyama gani wa kuwashinda huyo? Si panya aliyeanguka kwenye unga!"

Watoto wakaangua kicheko. Boga akainua uso.

"Si panya?" nikazidi kumchokoza. "Basi ni jirani yetu mzee Matano akitoka msikitini na ndevu zake nyeupe."

Hata mwalimu akajiziba mdomo.

"Bibi muongo!" Sauti ya Boga ililijaza ghala. "Unamjua! Jana nilikwambia!"

"Mimi mzee, nasahau. Tega nisikie."

Akanipa mgongo, akawageukia wenzake kwa hasira. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzee wa joho jeusi, mabega meupe, chini hataki kushuka."

Wakasema kunguru, wakasema paka, wakasema popo. Wakashindwa.

"Bi Mbeyu ndiye mchokozi," mwalimu akasema, "basi mji autoe yeye."

"Nakupa Chale," nikamwambia.

"Sitaki. Hakuna watu."

"Chukua Funzi, ule pweza."

"Sitaki."

"Mume gani huyu! Wataka wapi?"

"Mombasa."

Nikashika ukingo wa dirisha. Mji wowote mwingine ningempa, hata Maka. "Mombasa kuna joto," nikasema.

"Toa, Bibi, toa!" watoto wakapiga kelele.

Nikautoa.

"Nimekwenda Mombasa," Boga akaanza, na sasa hazuiliki, "nikapanda feri, nikala halua, polisi wote wakanipigia saluti. Nikafika kwa baba. Nikamwambia mke wangu yuko nje, mwite aingie. Baba akasema chumba ni kidogo, bibi hatoshi. Basi nikarudi, na shuleni nikanyamaza." Akaliinua kokwa lake juu. "Ni mbega!"

Watoto wakapiga makofi. Mimi sikuweza. Kumbe alisikia! Maneno yale ya chumba, pamoja na yale ya kufaulu, Alfani aliniambia mimi peke yangu barazani, siku ya Maulidi, mtoto nikidhani amelala. Miezi yote ile hakuwa mwoga wala bubu. Alinichagua mimi, na mimi nikamwacha anichague, nikafurahi.

Nikajifuta uso kwa ncha ya buibui. Machozi yalinitoka mbele ya vidudu wote na sikuona haya.

"Umemsikia, Mwalimu," nikasema. "Amefaulu. Mpelekee babake habari leo leo, kabla sijabadili nia."

Boga akaja dirishani, akaniuliza kwa nini nalia na mbega wake ameshinda.

"Nalia kwa sababu nimeolewa na mwanamume mwenye akili," nikamwambia. "Rudi ukakae na wenzako. Mimi natangulia nyumbani."

Nikainuka pale jiweni. Nikangoja kilio. Hakikuja.