Mji Niliompa Mama

Mfuniko wa kisima ulikuwa umesogea kiasi cha upana wa kiganja, nami sikukumbuka kuuacha vile. Nilipiga magoti, nikamulika tochi. Chini kabisa niliona maji meusi na uso wangu mwenyewe, basi. Nikaita, "Nada!" Binti yangu wa miaka mitano, niliyemfundisha kuitika "Naam" hata mdomo ukiwa umejaa, hakuitika.

Nilijua kwa nini haitiki, na kujua kwenyewe ndiko kulikonizidishia hofu. Alikuwa mchezoni. Nyumbani kwetu Malindi, tangu sijazaliwa, kitendawili hakikuwa cha kujibiwa kwa mdomo tu. Mtegaji huficha kitu, kisha hutega. Mwenye kujibu hukifuata kilipo. Akishindwa hutoa mji, kama ilivyo kila mahali, ila kwetu mji ukitolewa umetoka kweli: aliyeutoa haukanyagi mpaka aukomboe kwa kitendawili kingine. Shangazi yangu Mwanamwema alitoa Jambiani kwa mzaha, akakosa harusi ya huko kwa ubishi tu. Mimi sikuwahi kutoa mji hata mmoja, nami nikijisifu kwa hilo.

Adhuhuri ile mama alikuwa amemficha mjukuu wake. Na kitu kilichofichwa hakiitiki.

Nilirudi juu mbio. Mama, Bi Rawiya, alikuwa pale pale ukumbini nilipomwacha, anachagua mchele kwenye ungo. Tangu mwaka uliopita alikuwa akisahau: jiko linalowaka, majina ya watu, sala aliyokwisha kuisali. Nilimsihi aniambie tu mtoto yuko wapi. Akakirudia kitendawili chake kwa sauti ile ile:

"Nilikunywa kwa mkono wa mbingu, nikanywesha nyumba nzima. Leo nina kiu, hapana anayeniuliza."

Nilitazama mitungi, pipa la msalani, uvungu wa samadari. Nikaliendea kasha la nguo, ambalo likifungwa halipitishi pumzi, na ufunguo ukanianguka mara mbili. Nilizitupa kanga sakafuni moja moja. Hamna mtoto. Juu ya kasha zilikuwapo tiketi zetu mbili, yangu na ya Nada, alizozituma mume wangu Zahran kutoka Maskati. Safari ilikuwa Alhamisi. Mama nilikuwa nimempangia kukaa na jirani, na nilikuwa sijapata ujasiri wa kumwambia. Nilidhani hajui.

Nusu saa ilikwisha kupita. Nilirudi nikakaa sakafuni mbele yake.

"Nimeshindwa, mama. Nakupa Mombasa."

"Mombasa nnayo."

Nikampa Lamu, nikampa Dar es Salaam, nikampa hata Bombei. Akawa anatikisa kichwa huku anaokota chuya.

"Unanipa miji usiyoitaka," akasema.

Hapo nikamwelewa. Kwanza nilipandwa na hasira, nasema kweli. Nilitamani kumtikisa mabega. Kisha nikashikwa na hofu nyingine kubwa zaidi: huenda jibu lenyewe limeshamtoka, na hapo hata nikimpa dunia nzima sitampata mwanangu. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya ungo. Nilipomtazama machoni niliona kuwa naye anaogopa, na kwamba hofu ile ilikuwa pale siku nyingi, mimi sikuitazama.

"Nakupa Maskati," nikasema.

Akafumba macho.

"Nimekwenda Maskati," akaanza, kama mtegaji anavyopaswa. "Nimepita nyumba kwa nyumba, hapana anijuaye. Nikarudi kwangu. Mvua ikanyesha, likajaa..." Akasita. Midomo ilikuwa inalitafuta neno. "Lile la juu ya nyumba, Sheikha. Alilolileta baba yako."

Tangi la chuma la maji ya mvua. Lilikuwa kavu tangu tulipovutiwa maji ya mfereji, na lilikuwa pale juu, kwenye jua la saa saba.

Ngazi sizikumbuki. Chuma kiliniunguza viganja. Mfuniko ulikuwa umeachwa wazi upana wa kidole, na chini yake Nada alikuwa amejikunyata, amelowa jasho, midomo imekauka. Nilimtoa, nikamnywesha maji kidogo kidogo, nikalia. Alipoanza kusema aliuliza kama ameshinda. Nikamwambia ameshinda.

Jioni mama hakukumbuka lolote. Alitaka kujua nani amezitupa kanga zake sakafuni, kisha akaketi ukumbini kunywa chai. Nikawaza kuwa mji ule hakuusikia mtu mwingine, na aliyeusikia ameshausahau. Nilifungua sanduku la safari, nikaanza kupanga nguo.

Nada akaja akasimama mlangoni, mashavu bado mekundu.

"Mama, ulichelewa sana. Ulishindwa, si ndiyo?"

"Nilishindwa."

"Ukampa bibi mji gani?"

Gauni lake lilikuwa mikononi mwangu, nimelikunja nusu. Kule ukumbini, kijiko cha mama kikaacha kugonga kikombe.